Mbeta mbili za bibi yake bibi

Bibi yangu mzaa baba hakuwa analitamka jina la Mkwawa, yule mtwa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Alimwita "mgeni". Mgeni alipita hapa, mgeni alilala kule ng'ambo, mgeni alikula ugali wa watu. Mpaka nafika darasa la nne nilijua ni ndugu fulani wa ukoo aliyewahi kuja kututembelea.

Kwetu ni Kilolo, Iringa, juu kwenye milima ya Udzungwa, ambako ukungu wa asubuhi unakufanya usimwone mbuzi uliyemshika kamba. Kalenga, ngome yake, ilipoangukia mikononi mwa Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, Mkwawa aliingia porini, na kwa karibu miaka 4 akawasumbua kwa vita vya kuvizia. Wakaweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Hebu fikiria hizo rupia mbele ya mtu ambaye mali yake yote ni jembe na mbuzi wawili! Hata hivyo doria zilikuwa zinafika alipolala zinakuta makaa bado yana moto, mwenyewe hayupo. Ndipo watu wakasema ana dawa ya kutoonekana.

Bibi yake bibi wakati huo alikuwa binti wa kama miaka 12, na kazi yake ilikuwa kubeba mbeta.

Kwa wasiotoka kwetu: mbeta ni kipande cha mwanzi kinachotegwa kwenye chipukizi la mwanzi lililokatwa ncha, majimaji yanadondokea humo, na huo ndio ulanzi. Yeye alibeba mbeta mbili. Ya kwanza ilikuwa ulanzi mtupu. Ya pili mama yake aliijaza unga wa ulezi, akaushindilia, akaziba juu yake kwa majani ya mgomba yaliyosokotwa, akapaka udongo wa mfinyanzi pembeni, kisha akamimina ulanzi wa kina cha vidole viwili. Bibi alinionyesha namna ya kuziba. Alikuwa ameshakuwa mzee sana, mikono inatetemeka, lakini kidole gumba kilipoanza kukandamiza yale majani kikatulia kabisa. Akaniambia nipindue mbeta. Nikaipindua. Ulanzi ukamwagika, ila unga haukutoka hata chembe.

"Umeona, mume wangu?" akasema.

Kwenye kivuko cha mto walikaa askari wa Mjerumani. Wanauliza umebeba nini, unasema ulanzi, wanachungulia wanaona povu. Wanakunywa ile ya kwanza mpaka inaisha. Ya pili wanaionja au wanaiacha, kwa sababu ulanzi mbichi hufuatwa na nyuki, na mama mtu alikuwa ameipaka makusudi kwa nje ili nyuki wasibanduke. Binti anasimama pale, macho chini, mdomo umefumba. Mdomo ulifumba kwa sababu ndani ya shavu alikuwa na punje za mahindi. Kila askari aliyemwona, punje moja aliihamisha kwa ulimi kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto. Akivuka na kupanda mlima anatema zile za kushoto kiganjani, anazifunga kwenye jani. Siku moja zilikuwa 17.

Mzigo aliuweka chini ya mwamba fulani, na lile jani pembeni yake, halafu anageuka bila kuangalia nyuma. Kesho yake anakuta mbeta ni tupu, imeegemezwa kichwa chini. Masika nzima alifanya hivyo na hakuona mtu. Wala unyayo hakuuona. Mtoto yule alimlisha mtu asiyeonekana, na hivyo ndivyo alivyosimulia mpaka anazeeka, wala sitamsahihisha.

Nimesikia wengi wakizidharau hizi dawa za wazee. Mimi huwa nauliza kwanza mwiko wake ulikuwa upi. Kwa maneno ya bibi, mwiko wa dawa ile ulikuwa huu: usitaje jina lake, usiseme umemwona, hata kwa mumeo, hata kwa mtoto unayemnyonyesha, ukisema, dawa inavunjika na damu yake iko juu yako. Nimekaa na mwiko huo miaka mingi. Naamini dawa ilifanya kazi kweli. Kijiji kizima kiliishika, na hakuna aliyezifuata zile rupia 5,000 za Mjerumani.

Mwisho wake kila mtu wa Iringa anaujua. Julai 19, 1898, huko Mlambalasi, doria iliyoongozwa na mtoto waliyemkamata porini iliona watu wawili wamelala. Wakafyatua risasi kwanza. Walipokaribia wakakuta Mkwawa alishajiua, mwili umepoa. Kichwa kikapelekwa Ujerumani, na fuvu lilirudi mwaka 1954.

Lipo Kalenga, kwenye makumbusho, ndani ya kioo. Nilipomweleza bibi kwamba mtu analipa kiingilio, anasimama mbele yake, anamtazama anavyotaka, alinyamaza muda mrefu akichambua maharage. Nilimwomba nimpeleke. Akakataa. Akaniuliza tu kama wamemfunika. Nikasema hapana, bibi, ni kioo. Akavuta kitenge chake mabegani kana kwamba baridi imeingia, akaendelea kuchambua.

Jioni ile nilimwuliza ule mwamba ni upi, maana kijijini kwetu iko mingi na ningependa niupige picha, wanangu waujue.

"Nami nilimwuliza bibi yangu," akasema. "Hakuniambia."