Unaijua Cabinda?

Kila nikisikia mtu anasema Waafrika tunapenda tu kuuana wenyewe kwa wenyewe huwa namuuliza, unaijua Cabinda? Ni kipande cha Angola kisichogusana na nchi yenyewe, kimebanwa kati ya Kongo mbili, na chini ya bahari yake kuna mafuta. Sasa miaka ya themanini yale mafuta yalikuwa yanachimbwa na kampuni ya Marekani, hela inaingia Luanda kwa serikali ya chama cha MPLA, Luanda inanunua silaha za Mrusi, na wanaolinda mitambo ya Mmarekani ni wanajeshi wa Cuba! Wanailinda dhidi ya nani? Makaburu wa Afrika Kusini na waasi wa UNITA wa Jonas Savimbi, ambao Washington ilikuwa inawaona ni watu wake. Mei 1985 makomando wa Makaburu walinaswa hukohuko Cabinda wakienda kulipua mafuta, wawili wakauawa, kapteni wao Wynand du Toit akakamatwa mzima. Januari 1986 Savimbi anakaribishwa Ikulu ya Marekani na Reagan, na mwaka huohuo makombora ya Stinger, ya kutungulia ndege, yakaanza kumfikia. Yaani mafuta yanaendelea kuuzwa, na kijana wa Huambo, huko huko Angola, anaendelea kufa.

Huku kwetu Afrika Mashariki tulijaribu kuwapatanisha jamani, kabla hata Angola haijapata uhuru. Januari 1975 Mzee Kenyatta aliwakutanisha Mombasa viongozi wa vyama vitatu vya ukombozi, Neto wa MPLA, Holden Roberto wa FNLA na huyo Savimbi, wakakubaliana kwenda kwa Mreno, mkoloni wao, wakiwa na msimamo mmoja, na mwezi huohuo ukasainiwa naye mkataba wa Alvor wa kuipa Angola uhuru. Juni wakaitwa tena Nakuru, wakaahidi kuacha kupigana. Wapi! Roberto nyuma yake yuko Mobutu wa Zaire na CIA, majasusi wa Marekani, Neto ana Mrusi na Cuba, Savimbi anaegemea Makaburu, kila mmoja anajua akishindwa mezani kuna meli au ndege inakuja na silaha, sasa nani atakubali kupunguza chochote? Uhuru wa tarehe 11 Novemba ulitangazwa Luanda huku FNLA na askari wa Mobutu wametoka kupigwa Quifangondo, hapo karibu tu na mji, na Makaburu wanapanda kutoka kusini.

Sisemi hao watatu walikuwa malaika. Savimbi alipata mafunzo China kwa Mao, baadaye akawa kipenzi cha wapinga ukomunisti, kwa hiyo mambo ya itikadi mimi siyaamini sana pale.

Kinachoniuma zaidi ni namna hao wa nje walivyoondoka. Desemba 1988, New York, wakasaini Angola, Cuba na Afrika Kusini mkataba wa kuondoa majeshi ya nje, Namibia ikapata uhuru wake 1990, hilo ni jambo kubwa na nalishukuru, Wacuba wakarudi kwao 1991. UNITA haikuwemo kwenye ule mkataba, na bunduki zikabaki. Uchaguzi wa 1992 Savimbi akayakataa matokeo, akarudi porini na safari hii anajilipia kwa almasi, mpaka alipouawa Moxico Februari 2002 ndo vita ikaisha, Aprili serikali na UNITA wakasaini amani.

Mabomu ya ardhini bado yanateguliwa mpaka leo, Cuito Cuanavale na kwingineko, na watu wanalima maeneo hayo. Nchi zilizoyapeleka zinajulikana, na mimi nasema gharama yote ya kuyategua walipe wao, sio kwa hisani, ni deni.