Dawa Inapotuliza Maumivu na Kulaza Utumbo

Mtu anayeishi na maumivu sugu, yaani yale yanayodumu kwa zaidi ya miezi 3, huzoea kuulizwa kila anapomwona daktari kwamba maumivu yake ni ya kiwango gani kuanzia 0 hadi 10. Ni nadra kuulizwa alipata choo lini, kilikuwa cha namna gani, na kama chakula alichokula jana usiku bado anakihisi kimekaa chini ya kifua. Mimi nina maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi mguuni, na kwa uzoefu wangu hilo swali lisiloulizwa ndilo linaloamua kama mgonjwa ataendelea na tiba au ataiacha. Wapo wanaopunguza dozi kimyakimya, au kuruka siku, si kwa sababu dawa haitulizi maumivu, bali kwa sababu tumbo limewashinda. Kisha maumivu yanaporudi, wao na daktari wao hudhani kwamba dawa imeacha kufanya kazi. Ndiyo maana nashikilia kwamba tiba ya utumbo ni sehemu ya tiba ya maumivu, na inapaswa kuandikwa kwenye cheti kilekile, siku ileile.

Dawa zinazohusika zaidi ni zile za jamii ya afyuni: mofini, kodeini, tramadoli, oksikodoni na fentanili. Dawa hizi hutuliza maumivu kwa kushika vipokezi maalumu vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo, lakini vipokezi vya aina hiyohiyo vimejaa pia katika ukuta wa utumbo, ambako kuna mtandao mpana wa neva unaoendesha mikazo ya kusukuma chakula. Dawa inapovishika vipokezi hivyo, mambo kadhaa hutokea kwa pamoja. Mikazo ya kusukuma chakula mbele hupungua, majimaji yanayomwagwa ndani ya utumbo huwa machache, na misuli ya mlango wa haja kubwa hukaza zaidi ya kawaida. Kwa kuwa mabaki ya chakula hukaa muda mrefu katika utumbo mpana, maji mengi zaidi hufyonzwa kutoka kwayo, na kinachobaki huwa kikavu na kigumu. Kwa hiyo mgonjwa hufunga choo hata kama hajabadilisha chochote katika ulaji wake, na kumwambia ale mboga zaidi, bila la ziada, ni kutibu kisichougua.

Jambo ambalo natamani kila mgonjwa aelezwe mapema ni kwamba mwili hauzoei hali hii. Kichefuchefu na usingizi mzito vinavyoletwa na mofini kwa kawaida hupungua baada ya siku kadhaa au wiki chache, kwa sababu ubongo hujirekebisha. Utumbo haujirekebishi kwa kiasi cha kutegemewa, na choo kinaweza kuendelea kufunga kwa muda wote ambao dawa inatumika. Anayesubiri hali itengemae yenyewe anasubiri bure. Hakuna ushahidi mzuri zaidi wa nguvu za dawa hizi juu ya utumbo kuliko loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara inayojulikana mno, ambayo nayo ni ya jamii hiyo ya afyuni. Tofauti yake ni kwamba kwa dozi ya kawaida haiingii katika ubongo kwa kiasi cha kutuliza maumivu, hivyo kazi yake huishia tumboni. Tunachokiita madhara katika dawa moja ndiyo tiba yenyewe katika nyingine.

Hata hivyo, afyuni si mkosaji pekee. Amitriptilini, ambayo wengi wetu tuliopata maumivu ya neva tumeandikiwa kwa dozi ndogo ya usiku, huzuia kemikali ambayo neva huitumia kuamrisha misuli ya utumbo, na ndiyo maana hukausha kinywa na kufunga choo kwa wakati mmoja. Gabapentini na pregabalini nazo zinaweza kufunga choo kwa baadhi ya watu. Vidonge vya madini ya chuma, dawa za kiungulia zenye alumini, verapamili ya shinikizo la damu, na ondansetroni ya kuzuia kutapika huongeza tatizo juu ya tatizo. Mgonjwa anaweza kuandikiwa dawa hizi na madaktari watatu tofauti, kila mmoja akiwa sahihi kwa upande wake, na asiwepo hata mmoja aliyezitazama zote kwa pamoja. Mtu anayefaa kuzitazama ni mfamasia, na inatosha kumpelekea dawa zote katika mfuko mmoja.

Tunapozungumzia utumbo tunawaza choo tu, lakini mfuko wa chakula nao hulegea. Dalili zake ni kushiba baada ya tonge chache, kubeua, kuvimbiwa, kichefuchefu, na pengine kutapika chakula kilicholiwa saa nyingi zilizopita. Katika kipimo cha hospitali ambamo mgonjwa hula mlo mwepesi uliowekwa alama ya mionzi hafifu, mfuko wa chakula huhesabiwa kuwa umechelewa iwapo zaidi ya asilimia 10 ya mlo huo bado imo ndani baada ya saa 4. Kuchelewa huku kuna hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Vidonge vingi havifyonzwi katika mfuko wa chakula, bali katika utumbo mwembamba. Parasetamoli ni mfano ulio wazi, kiasi kwamba watafiti wamewahi kuitumia kama kipimo cha kasi ya mfuko wa chakula, kwa kuangalia inachukua muda gani kuonekana katika damu. Sasa fikiria mgonjwa aliyemeza kidonge, akasubiri, asione nafuu, akameza kingine. Vyote viwili vinaweza kuwa vimekaa pamoja katika mfuko uliolala, na vikashuka kwa pamoja. Kwa parasetamoli hatari huliangukia ini, hasa pale jumla inapovuka gramu 4 kwa saa 24, ambazo ndizo kikomo cha mtu mzima mwenye afya. Kwa mofini hatari huwa ni kupumua kwa shida. Kwa sababu hiyo, dawa inayoonekana kuchelewa ni habari ya kumpelekea daktari, wala si ruhusa ya kuongeza dozi. Vilevile kidonge kilichotengenezwa ili kitoe dawa polepole kwa saa 12 au 24 hakipaswi kusagwa wala kutafunwa kwa nia ya kukiharakisha, kwani dozi ya siku nzima inaweza kumwagika mwilini kwa mara moja.

Katika tiba yenyewe, dawa za kusaidia choo zimegawanyika katika makundi, na kuchagua kundi lisilofaa ndiko kunakowafanya watu waseme kwamba wamejaribu kila kitu. Kundi la kwanza huamsha misuli ya utumbo. Humo kuna sena na bisakodili. Kundi la pili huvuta maji na kuyabakiza ndani ya utumbo. Humo kuna laktulosi na makrogoli. Haya mawili ndiyo yanayoanza kutumika kwa anayemeza dawa za jamii ya afyuni, na mara nyingi huunganishwa, kwa kuwa moja hushughulikia ugumu wa choo na jingine uvivu wa misuli. Laktulosi huwaletea baadhi yetu gesi nyingi, kwa sababu bakteria wa utumbo mpana huichachusha, na mtu ambaye tayari amevimbiwa anaweza kuona afadhali makrogoli. Sena humezwa usiku ili ifanye kazi asubuhi. Kundi la tatu ni la unga wa nyuzinyuzi unaovimba kwenye maji, na hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri wa jumla unaotolewa kwa kila mtu. Unga huo humsaidia mwenye utumbo unaosukuma. Kwa utumbo uliolazwa na dawa, hasa kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha, unaweza kugeuka donge linaloziba njia.

Iwapo dawa hizo zimetumika ipasavyo na bado hazitoshi, kuna kundi jipya zaidi linalolenga chanzo chenyewe. Dawa hizo huvifungua vipokezi vya utumbo kutoka katika mshiko wa afyuni bila kuingia katika ubongo kwa kiasi cha kuharibu utulivu wa maumivu. Nchini Marekani, metilinaltreksoni iliidhinishwa mwaka 2008, naloksegoli mwaka 2014 na naldemedini mwaka 2017. Hazipatikani kila mahali, bei yake si ya kila mtu, na hazitolewi kwa mgonjwa ambaye utumbo wake umeziba. Lakini kujua kwamba zipo kunampa mgonjwa neno la kuuliza. Kubadilisha njia ya kupokea dawa nako husaidia wengine: wapo wanaohama kutoka vidonge vya mofini kwenda kwenye kibandiko cha fentanili na kuona choo kinapata nafuu, ingawa kibandiko hicho si cha mtu ambaye mwili wake haujazoea dawa za aina hiyo. Anayekitumia asikiwekee chupa ya maji ya moto wala blanketi la umeme juu yake, kwa kuwa joto huharakisha dawa kuingia mwilini na linaweza kumzidishia dozi. Nalisema hili kwa sababu sisi wenye maumivu ya mgongo tunapenda joto kuliko tunavyopenda ushauri.

Kuhusu chakula, mfuko ulio mzito hutaka milo midogo inayogawanywa katika siku, mafuta machache, na mboga zilizopikwa zikalainika badala ya mbichi, kwa sababu mafuta huchelewesha mfuko kumwaga, na nyuzi ngumu zinaweza kujikusanya ndani yake. Kukaa wima baada ya kula ni bora kuliko kulala, na kutembea kidogo, kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu, ni bora kuliko kukaa. Wakati mzuri wa kwenda msalani ni muda mfupi baada ya kifungua kinywa, kwani chakula kinapoingia katika mfuko utumbo mpana huamshwa nao, na hata dawa haiuzimi mwamko huo kabisa. Kwa mwenye choo cha kukalia, kigoda cha kuinulia miguu ili magoti yawe juu ya nyonga hunyoosha njia ya haja na kupunguza kukamua, jambo ambalo mgongo wangu unalishukuru, kwa sababu kukamua kwa nguvu huamsha maumivu yaleyale ambayo dawa ilikusudiwa kuyatuliza.

Aibu ya kuzungumzia choo ndiyo inayowakwamisha wengi, hata wale wanaosema wazi kuhusu mengine yote. Kwa hao kuna jedwali la Bristol, lililochapishwa mwaka 1997, linalopanga choo katika aina 7 kuanzia vipande vigumu vilivyotengana hadi maji matupu, aina ya 3 na ya 4 zikiwa ndizo za kawaida. Mgonjwa halazimiki kueleza chochote. Husema tu kwamba wiki hii imekuwa aina ya 1, mara mbili, na daktari anaelewa. Kupata choo chini ya mara 3 kwa wiki, kukamua, na kuhisi kwamba hakijaisha ni dalili zinazotosha kuanzisha mazungumzo. Ajihadhari pia na choo cha maji kinachotoka ghafla baada ya siku nyingi za kufunga, kwani mara nyingine hayo ni majimaji yanayopita pembeni mwa kinyesi kigumu kilichokwama, na kumeza dawa ya kuzuia kuhara hapo ni kuongeza kufuli juu ya kufuli. Tumbo lililovimba na kuuma sana, kutapika, na kushindwa hata kutoa hewa ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Damu katika choo nayo haisubiri.

Kuna hali nyingine ambayo huwachanganya wagonjwa na madaktari sawia, nayo ni pale tumbo lenyewe linapoanza kuuma zaidi kadiri dozi ya dawa za jamii ya afyuni inavyoongezwa. Mtu huongezewa dawa kwa ajili ya maumivu ambayo dawa hiyohiyo inayachochea. Katika hali hiyo tiba ni kupunguza, lakini kwa mpango wa daktari na hatua kwa hatua, kwa sababu kuikata ghafla huleta jasho, kutetemeka, kuhara na maumivu yanayopanda kuliko yalivyokuwa. Kwa wengi wenye maumivu sugu yasiyotokana na saratani, faida ya dawa hizi kwa muda mrefu ni ndogo kuliko inavyotarajiwa, hivyo kila ukaguzi wa dozi ni nafasi ya kuuliza kama mazoezi ya viungo, tiba ya kisaikolojia na kupangilia shughuli za siku vinaweza kubeba sehemu ya mzigo.

Mwisho, yeyote anayepangiwa upasuaji anapaswa kumweleza mtaalamu wa nusukaputi kwamba anatumia dawa zinazochelewesha mfuko wa chakula, zikiwemo zile sindano mpya za kisukari na za kupunguza uzito kama semaglutaidi. Maelekezo ya kawaida ya kutokula kwa saa 6 kabla ya nusukaputi yamewekwa kwa kuzingatia mfuko unaomwaga kwa kasi ya kawaida. Kwa mfuko uliochelewa, chakula kinaweza kuwa bado kimo, na kikapanda na kuingia katika mapafu wakati mgonjwa hana fahamu. Mtaalamu akijua mapema anaweza kurefusha muda wa kufunga, au kuukagua mfuko kwa altrasaundi kabla ya kuanza.