Siku moja maishani mwangu: nesi wa afya ya akili hapa Mtwara

Saa 1 na nusu asubuhi, ripoti. Wa usiku wanasema kuna binti kaletwa saa 8 usiku, kajijeruhi mwenyewe, kashonwa. Mtu mmoja akadakia "huyo anatafuta kiki tu". Nikamwambia hapana, mtu akiumia mpaka ajiumize hiyo sio kiki, alaf nikauliza alipigwa ganzi? Alipigwa, alhamdulillah. Kuna sehemu wanashonwa kavukavu ati wakome na kwangu huo ni ukatili kabisa.

Saa 2. Nimemwomba mama yake atupishe kidogo. Sikuanza na kidonda, nilimuuliza kama amekunywa chai. Baadae nikauliza wazi, mdogo wangu, ulitaka kufa au ulitaka moyo upoe kidogo? Watu wengi wanaliogopa hilo swali wanadhani unampa wazo, sio kweli jamani, wengi wanashusha pumzi maana kuna mtu kauliza. Kakaa kimya weee, mwisho akasema sista sikutaka kufa, kichwa kilijaa. Nimemwamini, ila hata asiyetaka kufa leo hatumwachii hivihivi maana anayejiumiza yuko kwenye hatari zaidi mbeleni. Na sikumwambia "niahidi hutorudia", ukimbana hivyo akirudia atakuficha.

Tukaandika mpango wake kwenye karatasi kwa maneno yake mwenyewe: anajuaje hali inakuja, kipi kinamtuliza, ampigie nani, akimbilie wapi. Wa kumpigia kaandika shangazi yake wa Mikindani. Mama hakumwandika na sikumlazimisha.

Saa 4 zamu ya mama. Anasema mwanangu ana majini. Nikamwambia mama, dua msomee na kliniki mlete, havigombani. Usimfokee, usimkague mikono kila asubuhi, na nyumbani vidonge na dawa za kupulizia mikorosho vifungiwe, funguo ukae nao. Akaniuliza kwa sauti ya chini, polisi watakuja? Hilo swali nalisikia sana. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua ni kosa, ndo maana wengine wanafika hapa wanadai wameanguka na bodaboda, na sisi tunatibu ajali wakati mtu anazama. Mimi natamani kifutwe hata kesho.

Mchana kliniki, foleni, wali maharage.

Saa 9 napiga simu kwa walioruhusiwa juzi, siku za mwanzo nyumbani ndo ngumu. Kijana mmoja kapokea kwa muziki mkubwa, akapunguza, akasema "nilijua hamtopiga". Tumeongea mpaka vocha ikakata.

Saa 10 nakabidhi. Nimemwambia wa jioni binti akiamka usiku akae nae hata dakika 10, asimuulize kwa nini, amuulize anajisikiaje. Kesho shangazi anakuja, nitakuwepo.

Na wewe unayesoma huku unajificha mikono, njoo hospitali yoyote iliyo karibu, ulizia nesi wa afya ya akili, huna haja ya kuja na kidonda ndo usikilizwe.