Mpira na Umeme Kabla ya Mashine

Wakandarasi wenzangu hapa Phoenix, Marekani, wanaotaka kuingia katika kazi ya mapaa ya povu, yaani kupuliza povu linaloganda juu ya paa, huniuliza kwanza bei ya mashine ya kupulizia. Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa mashine ndiyo inayomeza fedha nyingi, lakini baada ya miaka tisa juu ya mapaa bapa ya Arizona nimeridhika kwamba ni kitu cha kuchagua baadaye. Cha kwanza ni mpira unaopashwa moto kwa umeme, yaani bomba refu linalopeleka kemikali kutoka kwenye mashine hadi juu ya paa, kisha umeme wa kuuhudumia.

Povu hutokana na vimiminika viwili, isosianati na resini ya polioli, ambavyo mashine huvisukuma kwa ujazo ulio sawa, vikiwa na joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi na mgandamizo unaozidi psi 1,000 (paundi kwa inchi ya mraba), hadi vikutane ndani ya bunduki ya kupulizia. Mashine huvipasha moto ikiwa chini kwenye trela. Vikishaanza safari ya kupanda juu ya paa, joto lake hulindwa na mpira peke yake. Kipande kimoja cha mpira kikipoa, resini huwa nzito, migandamizo ya pande mbili huachana, na povu huharibika. Likizidiwa na isosianati hukauka na kumeguka. Likizidiwa na resini hubaki laini na kunata.

Nililijua hilo kwa hasara. Katika mwaka wangu wa pili nilinunua mashine ya mtumba pamoja na mpira wake, na asubuhi moja ya Januari, hewa ikiwa nyuzi 6, kipande cha tatu hakikupata joto hata kidogo. Niliendelea kupuliza kwa sababu namba za kwenye mashine zilikuwa nzuri. Tulibandua mita 90 za mraba kwa sululu, siku mbili nzima, na mwenye jengo alikuwa na kila haki ya kukasirika. Tangu siku hiyo sinunui mpira uliotumika, hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo pima kwanza mapaa unayoyapata: kutoka mahali trela inapoegeshwa hadi kona ya mbali kabisa ni mita ngapi? Mashine ya A-20 ya kampuni ya Graco hutoa hadi kilo 9 za kemikali kwa dakika na hukubali mpira wa mita 64. E-30 ya kampuni hiyohiyo hutoa kilo 13.5 na kufika mita 94. Paa la mita 1,000 za mraba lenye povu la milimita 38 hula takribani tani 1.7 za kemikali, kabla ya upotevu. Kwa nyumba za kawaida A-20 inatosha, lakini anayelenga maghala ataijutia. E-30 pamoja na kompresa (mashine ya kushindilia hewa) na pampu za kuvuta kemikali kwenye mapipa huhitaji jenereta ya kilowati 40 hivi, na jenereta iliyopungukiwa nguvu hujidhihirisha kwanza kwenye joto la mpira.

Mashine za Gusmer za zamani bado zinauzwa, na ni imara, ila ulizia vipuri kabla ya kulipa, kwa kuwa kampuni hiyo ilinunuliwa na Graco mwaka 2005. Kompresa iwe na kikausha hewa, kwani isosianati ikikutana na unyevu huganda. Nunua pia pampu ya pekee ya silikoni, ambayo ni rangi ya kulifunika povu, maana povu lisilofunikwa huchomwa na jua, na usiipitishie akriliki, rangi ya aina nyingine, kamwe.

Upo mpira mwingine ambao sikubali kuuacha nje ya hesabu, nao ni ule unaomletea mpulizaji hewa safi ya kuvuta. Isosianati huweza kuleta pumu, na mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa hushikwa na kifua kwa kiasi kidogo mno. Kijana niliyemfundisha kazi, hodari kuliko mimi kwa mkono, alipuliza kwa barakoa ya kichujio kwa misimu miwili kwa mkandarasi mwingine kabla ya kuja kwangu. Leo ananisaidia kupima mapaa na kuandaa makadirio ya bei, na siku tunazopuliza hakaribii eneo la kazi.