Mzee aliposema "mfute"

Ninatunza mfumo wa mauzo na madeni wa duka moja la jumla huku Tandika. Miezi michache iliyopita niliuunganisha na wakala wa akili mnemba, ili mwenye duka aagize mambo kwa kuandika kwenye simu, kama anavyomwandikia kijana wake wa kaunta. Jioni moja Mzee akaandika: "Mama chapati wa stendi kamaliza. Mfute."

Aliyekulia dukani haulizi. Mtu akimaliza kulipa, unachukua kalamu nyekundu unapiga mstari juu ya jina lake kwenye daftari la madeni, basi, umemfuta. Mwenyewe yupo, na kesho asubuhi atakuja kuchukua unga mwingine. Lakini wakala hakukulia dukani. Alichokuwa nacho ni zana nilizompa mimi, yaani amri za programu anazoweza kuziita, na mojawapo inaitwa futa_mteja. Maelezo yake yalikuwa maneno mawili: "Inafuta mteja." Akaitumia. Kwenye hifadhidata nilikuwa nimeyafunga mauzo kwa mteja kwa ON DELETE CASCADE, yaani mteja akifutwa na mauzo yake yanafutika, kwa hiyo mama akaondoka na manunuzi yake yote ya miaka mitatu, na hesabu za duka za miaka hiyo zikapungua palepale.

Nilirudisha data kutoka nakala ya usiku uliotangulia, kisha nikakaa na Mzee mpaka saa nne usiku tukiingiza upya mauzo ya siku ile, risiti moja moja. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kwani huyo uliyemleta, kazi hukumwelekeza?"

Sikuwa nimemwelekeza, na swali hilo nimelala nalo siku kadhaa. Kwenye MCP, itifaki ya kumuunganisha wakala na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, zana hujitambulisha kwa jina, maelezo na vigezo inavyopokea. Programu iliyo nyuma yake wakala haioni. Kwamba kufuta mteja kunafuta na mauzo, kwamba hakuna kapu la taka la kuokotea, yote hayo yalikuwa kichwani mwangu. Kijana mgeni angesita, angemtazama Mzee usoni. Huyu husoma yaliyoandikwa, akatenda.

Na neno lenyewe "futa" lina mzigo. Tunafuta ubao, tunafuta deni, tunafuta kesi, tunafuta vumbi mezani na meza inabaki. Nikayaandika maelezo upya, nikayarudia usiku kucha hadi yakawa hivi:

"Huondoa kabisa mteja mmoja pamoja na mauzo, malipo na madeni yake yote. Hayarudi. Mteja akimaliza kulipa, usitumie zana hii, tumia funga_deni. Akihama au akikataa ujumbe, tumia sitisha_mteja. Hii ni ya mteja aliyeomba mwenyewe taarifa zake ziondolewe, au aliyeingizwa mara mbili na rekodi ya pili haina mauzo. Watu wa dukani husema 'mfute' wakiwa na maana ya deni. Ukikutana na neno hilo peke yake, uliza kwanza."

Ni marefu kwa zana moja, najua. Siyapunguzi. Sentensi zinazosema wakati gani usiitumie ndizo zinazofanya kazi kubwa, kwa sababu zinampa wakala pa kwenda. Ukimkataza bila kumwonyesha njia nyingine, atarudi mlango uleule.

Kwenye majaribio nikaona jambo lililonitisha zaidi. Mtandao ulikuwa mzito, jibu likachelewa, wakala akarudia ombi. Mara ya pili zana ikajibu "Kosa: mteja hayupo." Yeye akaelewa kwamba ameshindwa, akatafuta jina linalofanana na lile, akataka kumfuta huyo! Sasa zana haipokei jina, inapokea namba ya mteja tu. Ikiitwa mara ya pili husema: "Mteja namba hii ameshafutwa. Hakuna la kufanya tena." Ujumbe wa kosa nao ni maelezo; wakala huusoma kwa makini uleule.

Nimeweka pia alama ya destructiveHint, inayodokeza kwamba zana inaweza kuharibu data. Usipoiandika, MCP huichukulia zana inayobadilisha data kuwa ni ya kuharibu, na hilo ni jema. Lakini alama ni dokezo tu, na maelezo mazuri si kufuli. Kufuli nimeliweka kwenye seva: wito wa kwanza hurudisha jina, idadi ya mauzo yatakayopotea na namba ya uthibitisho, na Mzee ndiye anayeandika namba hiyo kwa mkono wake. Kuiondoa zana kabisa nilikataa, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazungumzia kufutwa kwa taarifa za mtu, na siku mteja akidai nataka pawe na njia safi.

Kabla ya kuirudisha kazini nilimpa wakala maneno ya kaunta kama yanavyosemwa: mfute, mtoe kitabuni, msamehe, huyo kaisha. La mwisho bado linampa shida, na ana haki, maana hata mimi nililiuliza mara mbili.

Zimebaki futa_bidhaa na futa_msambazaji, zote zikiwa na maneno mawili mawili. Nimezizima. Kesho nakwenda kukaa kaunta tangu asubuhi, nisikilize vijana wanasemaje bidhaa ikiisha.