Fagio za Berea

Kutoka Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani, kwenda Berea ni kama kilomita 65 kuelekea kusini kwa barabara kuu namba 75, na mwanzo wa njia hiyo ni nchi ya farasi. Mashamba yana uzio wa mbao uliopakwa rangi nyeusi, majani yamekatwa sawasawa, na mabanda ni ya aina ambayo mtu wa Mbagala angehamia bila kuuliza kodi. Dereva wangu, Mkongo wa Uvira, alisema farasi wa huku wanakula vizuri kuliko yeye. Usishangae kusikia Kiswahili ndani ya gari Kentucky. Wakongo wengi waliokimbia vita wamepewa makazi Lexington na Louisville, na katika shule za Lexington Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosemwa zaidi majumbani baada ya Kiingereza na Kihispania.

Tulivuka Mto Kentucky juu ya daraja refu lenye bonde la kutisha chini yake, tukaupita mji wa Richmond, kisha vilima vikaanza kujitokeza mbele. Berea imekaa pale tambarare inapoishia na safu za Appalachia zinapoanza. Mji ni mdogo, na chuo ndicho kilichouzaa.

Mpwa wangu, anayesoma katika chuo hicho, nilimkuta karakana, aproni kiunoni. "Shikamoo mjomba!" Marahaba nikaitikia huku nikitazama alichoshika: ufagio. Mtoto wa dada yangu amevuka bahari kuja kutengeneza fagio.

Maelezo yake ni haya. Chuo cha Berea ni cha sanaa huria, yaani chuo kidogo cha shahada ya kwanza ambako anayesoma kompyuta atakutana pia na historia, falsafa na muziki. Tangu 1892 hakitozi ada. Badala yake kila mwanafunzi, awe anasoma fizikia au tamthilia, ana kazi chuoni isiyopungua saa 10 kwa wiki, na analipwa: shambani, jikoni, ofisini, maktaba, hotelini au karakana. Wengi wao wanatoka familia za kipato cha chini za milima ya Appalachia, na wachache wanatoka nchi za nje, kama huyu wangu.

Karakana ya fagio ilianza 1920. Malighafi yake ni aina ya mtama unaolimwa kwa ajili ya mashuke yake marefu, si punje. Mpwa alichukua fungu, akalilowesha kidogo ili lisivunjike, akaliweka kwenye mpini uliofungwa kwenye mashine inayozungushwa kwa mguu. Kila mpini unapozunguka, kamba inakaza fungu jipya juu ya lile la kwanza. Mkono wa kushoto ndio unaojua kazi: ukilegea, ufagio unapinda. Baadaye fungu zima linabanwa likawa bapa, linashonwa kwa sindano ndefu, ncha zinakatwa. Alinionyesha wa kwanza aliowahi kuutengeneza. Umeinama upande mmoja, lakini hajautupa.

Mimi ni wa kizazi cha kidumu na ufagio. Shule ya msingi ulikuwa unaingia getini na kidumu cha maji mkono mmoja, ufagio wa chelewa mkono mwingine, na ukivikosa vyote unakutana na fimbo. Shamba la shule tulililima, mahindi walikula walimu. Serikali ilikuwa imetuambia hiyo ni Elimu ya Kujitegemea, na Mwalimu Nyerere aliyeiandika 1967 alikuwa na hoja nzito kuliko tulichofanyiwa. Ndiyo maana nilimtazama mpwa kwa mashaka.

Mashaka yalizidi tulipofika kanisa la chuo, jengo kubwa la tofali nyekundu lililokamilika 1906. Fedha zilitoka kwa Olivia Phelps Stokes wa New York, na waliolijenga ni wanafunzi wenyewe. Nilisimama kwenye jina. Mfuko wa Phelps-Stokes, ulioanzishwa 1911 kwa wosia wa dada yake, Caroline, ndio uliotuma tume Afrika Mashariki mwaka 1924 ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Mmoja wa wajumbe alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo, na jina hilo la Aggrey, ambalo ni la mtaa, wafanyabiashara wa Kariakoo wanalitaja kutwa. Tume ilishauri Mwafrika afundishwe mambo ya kijijini kwake: kilimo, afya, kazi za mikono. Mwaka uliofuata ikafunguliwa shule ya Jeanes, ya kufunza walimu wa vijijini, kule Kabete, Kenya. Waafrika wengi waliona wanapewa jembe ili wasiombe kalamu, na kwa maoni yangu hawakukosea sana. Tofauti ya Berea ni kwamba hapa jembe na kalamu anapewa mtu yuleyule, na mtoto wa mlimani mwenye ngozi nyeupe naye anasugua sufuria.

Hilo halikuja kwa urahisi. John G. Fee, mhubiri aliyepinga utumwa, alianzisha shule hii 1855 katika jimbo la watumwa, kwenye ardhi aliyopewa na Cassius Clay, mwanasiasa aliyepinga utumwa, si yule bondia. Mwaka 1859 wenye silaha waliwafukuza yeye na wenzake. Walirudi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na 1866 shule ilikuwa na wanafunzi 187: weusi 96, weupe 91. Kwa Marekani ya wakati ule, hesabu hiyo ni ya ajabu. Mwaka 1904 bunge la Kentucky likapitisha sheria ya kukataza weusi na weupe kusoma pamoja, chuo kikaipinga hadi Mahakama Kuu ya nchi, kikashindwa 1908. Carter G. Woodson, baba wa utafiti wa historia ya Wamarekani weusi, alikuwa amemaliza 1903. Mlango ulifunguliwa tena 1950 tu.

Alasiri tulipanda vilele vya Pinnacles, mashariki mwa mji, ndani ya msitu wa chuo wenye zaidi ya hekta 3,600. Bado kuna magogo yanayoburutwa kwa wanyama ili mashine zisiharibu ardhi. Kila Oktoba chuo hufunga madarasa siku moja, wote wanapanda milima. Mimi nilipanda kwa kupumzika kila penye jiwe la kukalia. Juu, mwamba unakatika ghafla: upande mmoja tambarare tuliyotoka, upande mwingine milima inafuatana hadi macho yanachoka.

Usiku tulikula Boone Tavern, hoteli ya chuo iliyofunguliwa 1909, tofali zake zimefyatuliwa na wanafunzi. Kabla ya chakula huletewa mkate wa unga wa mahindi, maziwa na mayai, laini kiasi cha kuchotwa kwa kijiko, ni ugali uliopitia mikono ya muoka keki. Niliongezewa mara mbili na aliyenihudumia ni mwanafunzi wa biolojia.

Nikamwambia mpwa dada yangu atanihoji nikirudi, na sijui nimwelezeje habari ya fagio.

"Mjomba," akasema, "anza na ada. Fagio zije baadaye."