Si woga, ni baridi ya maji

Wanangu wawili wanajifunza kuogelea hapa Malindi, kwenye bwawa la hoteli. Mkubwa ana miaka minane, naye alishika upesi. Mdogo, wa miaka mitano, alikuwa akiingia majini anajikunja, mikono kaibana kifuani, na somo halijafika nusu ananililia: "Mama, maji yaniuma." Mwalimu akanituliza kwamba ni woga tu, atazoea. Lakini mimi nilikuwa naitazama midomo yake, imeshaingia rangi ya samawati. Woga haufanyi hivyo.

Ulikuwa mwezi wa Julai, kusi imeshika. Bwawa lililo wazi hupoa usiku kucha, na upepo ukipita juu yake maji huvukiza na kuondoka na joto. Nikatafuta kipimajoto cha kupimia maziwa, maana cha homa hakisomi maji ya baridi. Nikakizamisha mpaka mkono ukaingia hadi kiwiko, kwa sababu maji ya juu hupashwa na jua, hayasemi ukweli wa chini. Saa mbili asubuhi, saa ya somo, kilisoma nyuzijoto 25.

Kwa mashindano joto hilo linakubalika. Mabwawa ya mashindano huwekwa kati ya 25 na 28, kwa kuwa muogeleaji hasimami na misuli yake humpasha joto. Mtoto anayejifunza huwa ameshika ukingo, anangoja zamu. Mwili wake ni mdogo, mafuta hana, na maji hunyonya joto upesi mno kuliko hewa. Yeye anahitaji 30 hadi 32. Akiwa anatetemeka hawezi kulegeza mwili, na asiyelegea haelei. Hapo ndipo nilipomwelewa mwanangu.

Nilimwendea mwalimu na kipimajoto mkononi. Nashukuru alinisikiliza. Tukahamisha somo hadi saa tisa alasiri, maji yakiwa yamefika 27, na tukalipunguza liwe dakika ishirini. Wale wadogo hawapangwi tena foleni ukingoni. Anayengoja anapiga miguu. Mdogo wangu nikamnunulia fulana ya kuogelea ya mikono mirefu. Kanga mbili kavu huziweka upande usio na upepo, kwa sababu mtoto aliyelowa hupoa zaidi akishatoka nje kusi ikimpiga. Midomo ikianza kubadilika rangi, au akinyamaza ghafla, namtoa hata kama dakika hazijaisha. Hilo sijadiliani na mtu.

Ila 27 bado si 30, na hoteli haina mtambo wa kupasha maji. Siku za bamvua basi, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, nikawa nawapeleka baharini, upande wa Casuarina, penye mwamba unaozuia mawimbi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kama saa nne au saa tano asubuhi, na mchanga unabaki wazi ukichomwa na jua la mchana. Alasiri maji yakirudi juu ya mchanga ule, pale pembeni penye kina cha magoti huwa vuguvugu kabisa. Hapo ndipo mdogo alipolala chali mara ya kwanza, nimemshika kisogo kwa vidole viwili, masikio yamezama, anatazama mbingu wala hajikunji. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Lakini mama mwenzangu ukijaribu hivyo, usimwache mtoto hata hatua moja: maji ya bamvua hujaa kwa kasi, na yakifika kiunoni mwake mimi huwatoa wote.

Sasa anaelea peke yake hata bwawani, bora maji yasiwe chini ya 27. Mwalimu naye amenunua kipimajoto chake, na hupima kabla watoto hawajavua nguo. Kaskazi ikianza kuvuma na bwawa likipata joto, tumekubaliana kurudisha dakika thelathini na kuanza kumfundisha kupumua kwa ubavu.